Kompyuta ya kwanza ya gemu na kurusha mubashara: jinsi ya kuchagua vifaa kimoja kimoja

Mpwa wangu alikuja nyumbani Tabata na karatasi mkononi. Alikuwa amenakili orodha ya vifaa kutoka kwenye video ya Mmarekani fulani: prosesa ya bei kubwa, feni tisa zenye taa za rangi, kasha la vioo pande mbili. "Mjomba, imebaki laki mbili tu nianze kununua." Nikamuuliza maswali mawili. Intaneti ya kwenu inapandisha kwa kasi gani? Na umeme ukikatika, ukirudi unarudije? La kwanza hakulijua. La pili alilijua vizuri, maana televisheni ya mama yake iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo.

Tukaiweka pembeni ile karatasi tukaanza upya. Nayaandika hapa tuliyoyafanya, kwa mpangilio uleule, kwa yeyote anayejiundia mashine yake ya kwanza akiwa huku kwetu.

Hatua ya 1: Pima intaneti kabla ya kugusa pesa

Anayecheza tu anahitaji zaidi kasi ya kushusha. Anayerusha mubashara anaishi kwa kasi ya kupandisha, namba ambayo kampuni nyingi haziiweki kwenye mabango. Pima kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani. Fanya hivyo siku tatu, kisha uchukue namba ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo intaneti yako ya kweli.

Twitch, jukwaa la kurusha gemu mubashara, wanashauri kilobiti 6,000 kwa sekunde kwa picha ya 1080p (yenye mistari 1,080) na fremu 60 kwa sekunde. Hizo ni megabiti 6 za kupandisha, na gemu yenyewe pamoja na simu za nyumbani nazo zinataka njia. Mimi nashauri usiiguse 1080p kama hupati megabiti 10 zilizotulia. Ukiwa na 5 au 6, rusha 720p kwa kilobiti 3,000 hadi 4,500. Watazamaji wako wengi watakuwa kwenye simu, na kwenye kioo cha simu 720p iliyotulia inapendeza kuliko 1080p inayokwamakwama.

Piga na hesabu ya bando. Kilobiti 6,000 kwa sekunde ni takriban GB 2.7 kwa saa. Ukirusha saa tatu kila usiku umemaliza zaidi ya GB 8 kwa kupandisha peke yake, kwa hiyo bando la simu lisikudanganye; tafuta faiba au huduma nyingine isiyo na kikomo. Na uvute waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Wi-Fi inayopita kuta mbili za tofali imeharibu matangazo mengi kuliko prosesa dhaifu.

Kwa mpwa wangu tulipata megabiti 7. Tukaamua 720p, na uamuzi huo ukatuokolea pesa nyingi mbele ya safari.

Hatua ya 2: Andika gemu, kisha skrini

Andika gemu tatu utakazocheza mwaka huu, siyo zile unazoota. Valorant, eFootball na Fortnite zinakimbia vizuri kwenye mashine ya wastani. GTA V yenye modi, Tekken 8 au Call of Duty mpya zinadai kadi ya picha yenye nguvu na nafasi kubwa ya kuhifadhi.

Skrini ya 1080p inatosha kabisa kwa mashine ya kwanza. Ukipata yenye hertz 144 au 165 (mara inazobadilisha picha kwa sekunde), chukua, hasa kama unacheza gemu za kulenga shabaha. Ukikosa, skrini ya mtumba ya hertz 60 kutoka maofisi ya Ulaya itakusogeza. Kumbuka unaporusha utahitaji mahali pa kusomea maoni ya watazamaji. Simu iliyosimamishwa pembeni inafanya kazi hiyo bila kununua skrini ya pili.

Hatua ya 3: Kadi ya picha, na enkoda iliyomo ndani yake

Hapa ndipo penye uzito. Kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya bajeti yote iende kwenye kadi.

Kurusha mubashara ni kazi ya kubana picha: kila sekunde kompyuta inachukua fremu za gemu, inazikandamiza, inazituma. Prosesa inaweza kuifanya, lakini inanyang'anya nguvu ya gemu. Kadi za kisasa zina kipande maalumu cha kazi hiyo tu, kiitwacho enkoda. Kwa kadi za Nvidia kinaitwa NVENC, na kuanzia kizazi cha RTX 20 cha mwaka 2018 kimekuwa kizuri kiasi kwamba mrushaji wa kawaida hana sababu ya kuitesa prosesa. Ndiyo maana tuliifuta ile prosesa ya bei kubwa kwenye karatasi ya mpwa wangu: ilipendekezwa kwa mtu anayebana picha kwa prosesa.

Kuna mitego mitatu ya majina.

RX 6500 XT na RX 6400 hazina enkoda kabisa. Ni kadi mpya, zina boksi zuri, bei inavutia, na muuzaji atakwambia zinacheza kila gemu. Kwa anayetaka kurusha, hazifai.

GTX 1650 ya awali ilibaki na enkoda ya kizazi cha nyuma, wakati GTX 1650 Super na GTX 1660 zina ile mpya. Tofauti ni neno moja tu kwenye boksi.

RTX 3060 zipo za aina mbili, ya GB 12 na ya GB 8. Ya GB 8 haikupunguzwa kumbukumbu tu. Njia yake ya kumbukumbu pia ni nyembamba zaidi, hivyo ni polepole kwenye gemu. Uliza GB kabla ya kuuliza bei.

Kwa 1080p, chaguo langu kwa anayeanza ni RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika lakini imetunzwa, au RTX 4060 mpya kama mfuko unaruhusu. RTX 4060 inakula wati 115 tu dhidi ya 170 za 3060, na enkoda yake inaweza AV1, mfumo wa kubana ambao YouTube inaupokea na unaotoa picha safi zaidi kwa intaneti ileile. RX 6600 ya AMD ni kadi nzuri ya gemu kwa bei yake, wati 132 na GB 8. Mtu asiyerusha ningemwambia aichukue leo hii. Kwa anayerusha, picha ya enkoda yake kwa kasi ndogo za intaneti inakuwa na ukungu kuliko ya Nvidia, na sisi wenye kasi ndogo ndio tunaoumia.

Tulichukua RTX 3060 ya GB 12, mtumba.

Hatua ya 4: Prosesa na mazabodi, vinunuliwe kama ndugu

Mazabodi, au ubao mama kama vitabu vinavyoiita, lazima ilingane na soketi ya prosesa. Njia zinazoeleweka kwa sasa ni tatu.

Ya kwanza ni soketi ya AM4 ya AMD na prosesa ya Ryzen 5 5600: viini (cores) sita, nyuzi (threads) kumi na mbili, wati 65, inatumia RAM ya DDR4, na ikiwa mpya ndani ya boksi inakuja na feni yake. Angalia jina kwa makini. Ryzen 5 5500 na 5600G zina akiba ya ndani ya MB 16 badala ya 32, na zinaongea na kadi kwa PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha njia inayounganisha kadi na ubao. Kadi kama RX 6600 na RTX 4060 zinatumia mistari minane tu ya njia hiyo, kwa hiyo zinabanwa zaidi kwenye PCIe 3.0. 5600G ina picha yake ya ndani. 5600 haina, na bila kadi skrini itabaki nyeusi.

Ya pili ni Core i5-12400F ya Intel kwenye soketi ya LGA1700. Herufi F maana yake haina picha ya ndani. Mazabodi zake zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye ubao kabla ya kununua RAM.

Ya tatu ni AM5 na Ryzen 5 7600. Hii ni DDR5 pekee na inagharimu zaidi, lakini AMD wameahidi kuihudumia soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo utabadilisha prosesa miaka ijayo bila kubadilisha ubao. Mwenye pesa ya kutosha aende huku. Mwenye pesa ya kuhesabu, kama sisi, akae AM4 bila unyonge.

Kwa AM4 tafuta mazabodi ya B550. B450 nayo inafaa, ila iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia ubao) ya zamani isiyoitambua Ryzen 5 5600: utawasha, feni zitazunguka, skrini haitaonyesha kitu, na utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Ama mwombe muuzaji aisasishe mbele yako, ama chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

Hatua ya 5: RAM na SSD

Nunua RAM mbili zinazofanana, siyo moja. GB 8 mbili zinafanya kazi kwa njia mbili sambamba na gemu inalihisi hilo. GB 16 zinatosha kucheza na kurusha ukifunga vivinjari; GB 32 ni raha. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana kwa sababu viwanda vinapeleka kumbukumbu kwenye seva za akili unde, kwa hiyo usijilaumu ukianza na 16. Kwenye ubao wenye nafasi nne, weka kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, kisha ingia BIOS uwashe XMP, au EXPO kwa DDR5, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipoiwasha, RAM uliyoilipia kasi ya 3200 itatembea pungufu na hakuna atakayekwambia.

SSD, yaani diski isiyozunguka, iwe ya M.2 NVMe, TB 1. Zipo M.2 za SATA zinazofanana nazo kwa umbo lakini ni polepole mara kadhaa. GB 500 zinajaa kwa Windows na gemu kubwa mbili tatu. Diski ya zamani ya kuzunguka iache kwa kuhifadhi rekodi.

Hatua ya 6: Pawa saplai na UPS, pasipo huruma ya kubana pesa

Mashine yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilinunua pawa saplai iliyokuja bure na kasha, imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, nyepesi kama boksi la viatu. Miezi minne baadaye umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Ikafa, ikafa na mazabodi. Tangu siku hiyo hiki ndicho kifaa ninachokikagua kwanza kwenye orodha ya mtu yeyote.

Hesabu yenyewe ni fupi. RTX 3060 wati 170, prosesa 65 na ziada kidogo, vilivyobaki kama 60: jumla inazunguka 300. Pawa saplai ya wati 550 kutoka kampuni inayojulikana, yenye cheti cha 80 Plus Bronze na dhamana ya miaka mitatu au mitano, inatosha na kubaki. Wati 550 za kweli zinashinda 800 za kuandikwa. Iinue mkononi: nzuri huwa nzito.

Mambo mawili yanayounguza vifaa vya watu kila mara. Baadhi ya pawa saplai za bei rahisi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Ukichomeka huku swichi iko 115, utasikia mlipuko. La pili, waya za pawa saplai zinazochomoleka haziingiliani kati ya modeli na modeli hata kama plagi inaingia. Ukinunua iliyotumika, chukua na waya zake zilezile. Waya wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotaka 5, na SSD yako ikaondoka na kila kitu.

Kisha UPS, betri ya akiba umeme unapokatika. Zinauzwa kwa VA, lakini mashine yako inakula wati. UPS ya VA 650 hubeba wati kama 360 hivi, ambazo gemu nzito pamoja na skrini zinakaribia kuzifikia. Itapiga kelele na kuzima wakati ambao unaihitaji. Chukua VA 1,000 hadi 1,200. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuaga watazamaji, kuhifadhi na kuzima, siyo kumaliza mechi. Ichomeke na ruta humo, maana ruta haili kitu. Betri yake ihesabie miaka miwili au mitatu.

Uniti nazo ziingie kwenye mazungumzo ya nyumbani kabla ya ugomvi. Wati 300 kwa saa nne ni uniti 1.2, karibu 36 kwa mwezi. Kwa Tanzania, familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvushwa kikomo hicho kompyuta ikiongezwa juu ya matumizi mengine. Mpwa wangu alikubaliana na mama yake kuchangia LUKU kabla hatujanunua hata skrubu.

Hatua ya 7: Kasha

Chagua kasha lenye wavu mbele, siyo kioo. Feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halifyonzwi kwenye nyufa. Kichujio cha mbele kitolewe na kupigwa brashi kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Walio Zanzibar, Mombasa au Dar karibu na bahari wasiweke mashine chini ya dirisha linalotazama upepo: chumvi inakula skrubu na miguu ya kadi. Taa za rangi hazina ubaya, ila zije baada ya UPS.

Hatua ya 8: Kununua, na kupima kabla ya kulipa

Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, kanuni ni moja: kifaa kilichotumika kinapimwa kikiwa kimewashwa. Nenda na flashi yenye programu tatu za kupimia, zote za bure: GPU-Z ya kutambua kadi, FurMark ya kuifanyisha kazi nzito, na CrystalDiskInfo ya diski.

Kwa kadi, fungua GPU-Z kwanza. Zimezagaa kadi za kale zilizoandikwa upya BIOS ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina ikizigundua. RX 580 nazo zipo za kweli zenye vitengo 2304 na zile za 2048, ambazo kwa nguvu ni sawa na RX 570. Baada ya hapo iwashe FurMark dakika kumi na tano ukitazama joto. Ikipanda moja kwa moja kupita nyuzi 85 au ikichora nukta za ajabu, shukuru uondoke. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Feni zinazokwaruza na pedi zilizovuja mafuta ndizo zinazokwambia ilivyoteswa.

Kwa SSD, CrystalDiskInfo inaonyesha saa ilizofanya kazi na afya iliyobaki. Kwa mazabodi ya AM4, angalia tundu za soketi hazijaziba. Kwa prosesa ya AM4, hesabu miguu kwa macho, hata mmoja usiwe umelala. Pawa saplai usinunue mtumba kama una njia nyingine. Omba risiti yenye namba ya kifaa, na uipige picha hapohapo dukani.

Hatua ya 9: Kuunganisha na kurusha mara ya kwanza

Usikimbilie kufunga kwenye kasha. Weka mazabodi juu ya boksi lake, funga prosesa, feni, RAM moja na kadi, washa. Ikitoa picha, ndipo ufunge vyote. Skrini ichomekwe kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi, na ndani ya Windows uchague mwenyewe hertz 144, kwani mara nyingi yenyewe hubaki 60. Weka Windows 11: huduma ya Windows 10 ilisitishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa kwenye BIOS.

OBS Studio, programu ya kurushia na kurekodi, ni ya bure. Chagua enkoda ya NVENC, kilobiti ulizoziamua hatua ya kwanza, na rekodi iwe faili la aina ya MKV. Umeme ukikata katikati, faili la MKV linabaki linafunguka, wakati MP4 ya kawaida inapotea yote. Sauti ipe heshima kuliko picha: kipaza sauti cha USB cha bei ya kawaida, karibu na mdomo, feni ya chumbani imegeuzwa upande mwingine. Kamera tumia simu.

YouTube inataka uthibitishe namba ya simu na inaweza kukungojesha hadi saa 24 kabla ya kukuruhusu kurusha mara ya kwanza, kwa hiyo omba ruhusa hiyo siku mbili kabla ya kuwatangazia rafiki zako.

Ukianza, fungua dirisha la takwimu la OBS na uliache wazi. Fremu zinazodondoka kwa mtandao maana yake punguza kilobiti, kwa hatua za 500 mpaka zitulie. Fremu zinazokosekana kwa uchoraji maana yake gemu imeila kadi yote: izuie gemu isivuke fremu 60 au 120, na OBS uifungue kwa ruhusa ya msimamizi. Mpwa wangu jioni ya kwanza alidondosha fremu mfululizo, akanipigia akidhani tumeuziwa kadi mbovu. Tulishusha kutoka 4,500 hadi 3,500, na saa moja baadaye namba ilikuwa bado sifuri.